Tumbo la Kithiripi

Kaka alikuja na gunia la vijiti vikavu begani, akapita nalo mapokezi kana kwamba jengo ni la baba yake, na nyuma yake akaacha majani makavu kwenye korido yote iliyokuwa imedekiwa asubuhi hiyo. Mhudumu aliyeshika fimbo ya deki alimsindikiza kwa macho, akasonya, akaanza kudeki upya. Mtu akishakuwa kaka wa Mama Vithiripi, katika maabara ile anasamehewa mengi.

Mama Vithiripi ndilo jina alilobandikwa kazini, naye alilizoea hata akiitwa kwa jina la kwenye kitambulisho alichelewa kugeuka. Kazi yake ilikuwa kutambua wadudu, na katika wadudu wote wa dunia alijifungia kwa vithiripi: vijidudu vyembamba kama kipande cha uzi, ambao wengi wao hawafiki nusu ya punje ya mchele. Wakulima wanawajua wale wanaofyonza vitunguu na maua, wanawalaani na kuwapulizia dawa. Yeye alikuwa bingwa wa wale wengine, wasiojulikana na mtu, wanaoishi kwenye majani yaliyooza chini ya miti na kwenye vijiti vilivyokufa, wakila kuvu, wasimwudhi yeyote. Miaka ishirini na miwili alikuwa nao. Ukiuliza mtu mwenye akili timamu anazeekaje kwenye jambo kama hilo, hupati jibu, na mwenyewe hakuwa nalo pia. Aliwapenda, basi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo wamenikamata, dada," alisema kaka huku anacheka, akatua gunia juu ya meza safi. "Soma mwenyewe."

Alimpa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwa afisa wa afya ya mimea. Afisa alikuwa amepita mashambani kumsaka mdudu mgeni aliyesikika ameingia nchini, akakuta vithiripi weusi wamejaa kwenye vijiti vikavu vya miparachichi ya kaka, akabandika tangazo getini. Maabara isipothibitisha kufikia Ijumaa kwamba wadudu hao si wale wageni, miti yote arobaini na sita ingekatwa na kuchomwa moto palepale shambani.

"Nikamwambia, bwana mkubwa, hao nina habari zao tangu mwaka juzi," kaka aliendelea, ameshavuta kiti, ameshakaa. "Dada yangu anawajua kuliko mtu yeyote, na alishanihakikishia hawana neno. Unajua alinijibu nini? Eti dada siyo cheti."

"Kasema kweli."

"Kasema kweli, ndiyo. Basi nipe cheti nikamzibe nacho mdomo."

Alicheka tena, naye akacheka, maana kaka akicheka ni vigumu kubaki umenuna. Lakini aliitazama mikono ya kaka iliyopasuka vidoleni, akahisi kile alichokihisi kila alipoitazama. Baba yao alipofariki, nyumba iliweza kumwachia mtoto mmoja tu aendelee na shule. Kaka ndiye aliyekuwa akishika namba moja darasani, na kaka ndiye aliyerudisha vitabu akashika jembe. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, hata siku moja, hata akiwa na hasira. Miti ile arobaini na sita aliipandikiza kwa mkono wake mmoja mmoja, kwa muda wa miaka tisa, na ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuzaa vizuri. Kama kulikuwa na kitu chochote duniani ambacho Mama Vithiripi hakuwa tayari kukiona kikiteketea, ni shamba lile.

"Nenda nyumbani ukalale usingizi," alimwambia. "Kabla ya Ijumaa utakuwa na barua."

Alipobaki peke yake alitandika trei nyeupe mezani, akatwaa kijiti kimoja guniani na kukigonga juu yake kwa mpini wa bisibisi. Vumbi likaanguka, na vipande vya gome, na katikati ya vumbi vitu vyeusi vikaanza kutembea. Walitembea polepole, wameinua mikia juu kama nge wanaojitia ukali, nao hawana sumu wala ujanja wa kumuumiza mtu. Aliwaokota kwa ncha ya brashi iliyolowa, mmoja mmoja, akawatia kwenye kichupa cha spiriti. Alikuwa akitabasamu. Walikuwa ni walewale wa mwaka juzi, angeweza kuapa bila hata kufungua hadubini, ila afisa hakutaka kiapo.

Sasa, alikuwa na desturi yake, na inafaa ielezwe, kwa sababu balaa lote limo humo. Kithiripi mzima ni mweusi, ukimweka chini ya hadubini unaona doa tu. Kwa hiyo kwanza anatiwa kwenye maji ya kostiki, dawa ileile wanayopikia sabuni, akae humo mpaka kila kilichomo ndani yake kiyeyuke: nyama, mafuta, chakula tumboni, vyote. Linabaki ganda tupu linalopitisha mwanga. Halafu ganda linaoshwa, linalainishwa kwa mafuta ya karafuu, linafunikwa kwa gundi kati ya vioo viwili, na hapo unaweza kuhesabu hata vinyweleo vya shingoni. Wengine hufanya kazi hii haraka haraka. Yeye alikuwa na wivu nayo. Slaidi zake zilisifiwa kwa usafi, na vijana wa maabara nyingine walipomletea mdudu mwenye uchafu tumboni aliwarudishia na kikaratasi kilichoandikwa neno moja: Osheni.

Siku ile alikwenda ghala kuchukua kostiki, akamkuta mtunza ghala anasoma gazeti la juzi.

"Kostiki imekwisha mama, tangu mwezi jana. Ombi nimeshaliandika."

"Umeliandika wapi?"

Mtunza ghala akafikiri. "Nimeliweka kichwani, ila limekaa vizuri sana."

Alimpa maneno yake, makali kidogo, akarudi mikono mitupu. Jumanne ilikuwa inakwisha. Akaamua kufanya kile ambacho hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kukifanya: akamweka kithiripi mmoja mbichi, bila kumpika kwa kostiki, kwenye tone la gundi laini, akambana kwa kioo mpaka akalala bapa, akawasha taa ya hadubini hadi mwisho.

Mkia: mrija, siyo msumeno wa kukatia majani. Vizuri. Kichwa kirefu, mashavu yamenyooka. Vizuri. Kisha mdomo, ambao ndio wenye hukumu. Vithiripi wafyonzaji wana sindano nyembamba mno kinywani, za kuchomea mmea. Huyu alikuwa na mfereji mpana, mpana mara tatu ya sindano hizo, kwa sababu yeye hafyonzi, anameza mbegu za kuvu nzimanzima. Mambo hayo alikuwa ameyafundisha kwa miaka. Akaandika kwenye daftari jina la jamii yake na maneno mawili: hana madhara. Shamba limepona. Alishusha pumzi, akajinyoosha mgongo, na kwa sababu tu hakuwa na haraka tena akasogeza slaidi kidogo kutazama tumbo.

Tumbo lilikuwa limejaa. Mbegu za kuvu zilijipanga humo toka kifuani hadi karibu na mkia, kubwa, za kahawia iliyoiva, kila moja imegawanywa katikati na ukuta mmoja, na mistari myembamba imepita juu yake kwa urefu. Zilipendeza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja anayeishi na hawa wadudu zaidi kuliko anavyoishi na watu, na ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaona wanakula nini. Siku zote alikuwa ameziyeyusha.

Mtu mwingine angezima taa akaenda zake. Yeye alibeba hadubini nzima mikononi, akavuka korido hadi chumba cha Bwana Kuvu.

Bwana Kuvu alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya miti, mtu mwenye mafua ya mwaka mzima, ambaye chumba chake kilinuka kama chini ya godoro. Walikuwa wametaniana muda mrefu kuhusu nani kati yao ana kazi chafu zaidi.

"Nimekuletea chakula cha watoto wangu," alimwambia. "Niambie wanakula vizuri."

Bwana Kuvu akainama, akarekebisha lenzi. Alipofungua kinywa hakuwa akitania.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Huoni? Tumboni mwa mdudu."

"Nauliza mti."

"Mparachichi."

"Wa nani?"

"Wa kaka yangu."

Bwana Kuvu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena na kutazama upya, kama mtu anayeomba aliyoyaona yawe mengine. Kisha akavuta kiti, akamwambia aketi, lakini Mama Vithiripi hakutaka kuketi.

"Hii ndiyo inayokausha miti," alisema. "Inaingia kwenye kijiti kilichochoka, au palipokatwa, inakiua. Hapo bado ni mchezo. Unakata kijiti, unachoma, umemaliza kazi. Lakini ukiiacha inashuka. Kwanza tawi, halafu tawi kubwa. Ikishafika kwenye shina, dada yangu, mimi sina dawa yake na mwenzangu yeyote hana. Mti unaweza kuendelea kuzaa mwaka mzima huku ndani umekufa. Na mbegu zenyewe zinaruka kwa upepo na mvua kwenda kwa mti wa jirani."

"Inachukua muda gani kushuka?"

"Mwaka. Miwili. Kwani imeanza lini?"

Mama Vithiripi alikuwa ameshajua mahali pa kutazama, akaibeba hadubini yake akarudi chumbani kwake.

Kwenye kabati lake kulikuwa na vichupa elfu kadhaa vya spiriti, vimepangwa kwa miaka, maana mtu wa kazi hii hatupi mdudu. Wale wa mwaka juzi walikuwa rafu ya tatu. Lebo ilikuwa kwa mwandiko wake: vijiti vikavu, mparachichi, shamba la kaka. Kumi na wawili aliwapika na kuwatengenezea slaidi, safi, za kujivunia. Wengine zaidi ya ishirini walikuwa bado wamelala kwenye kichupa. Akamtoa mmoja, akambana mbichi, akatazama. Akamtoa wa pili, akamtoa wa tatu. Wote walikuwa nazo, za kahawia, zenye ukuta katikati. Alitazama mpaka jicho likaanza kutoa machozi, na machozi yale mwanzoni yalikuwa ya taa.

Alilikumbuka jibu alilompa kaka mwaka ule, neno kwa neno, kwa sababu alikuwa amelifurahia alipolisema. Kaka alimpigia simu akasema vijiti vya juu vinakauka, vina vidudu vyeusi, afanye nini. Akamletea vijiti vichache, yeye akawapima wadudu, akampigia: "Kaka, hao ni rafiki zako. Wanakula kuvu tu, mti hawaugusi. Waachie vijiti vyao." Hakuishia kusema ni mdudu gani, jambo ambalo lilikuwa kweli na lingebaki kweli hadi mwisho wa dunia. Alitoa na ushauri juu yake, bure, kwa kuwapenda wadudu. Wala hakujiuliza hata siku moja ni kuvu gani. Aliona aibu iliyomchoma usoni kama homa, na nyuma ya aibu akaona hofu, akaketi sakafuni kati ya makabati.

Bwana Kuvu alimkuta hapo.

"Swali uliloulizwa ulilijibu sawasawa," alimwambia, baada ya kuelezwa. "Uliulizwa mdudu."

"Niliulizwa afanye nini. Nikasema awaache."

"Nani mwingine anajua hicho kichupa kipo?"

"Hakuna."

"Basi," alisema Bwana Kuvu, akapenga kamasi, akaangalia pembeni. Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilimwuma zaidi.

Jumatano asubuhi alimpigia kaka simu, akamwambia achukue kisu aende shambani, amkwangulie gome la shina kwenye mti wowote, chini karibu na ardhi, amwambie rangi ya ndani.

"Haya mapya," kaka alisema. Zikasikika nyayo zake kwenye majani, kisha kisu. "Nyeupe. Kama inavyotakiwa."

"Mwingine."

"Nyeupe na ubichi kidogo. Unatafuta nini, dhahabu?"

"Mwingine, kaka."

Kisu kikakwangua, kikaacha, kikakwangua tena mahali pengine. "Huu una kahawia," alisema kaka. "Kama chai isiyo na maziwa. Imeingia ndani." Hakucheka. Akaenda kwa wa nne, wa tano, wa kumi. Alichukua saa nzima, na saa nzima hakukata simu, na dada yake huku akichora mistari kwenye daftari, mistari ya nyeupe upande huu na ya kahawia upande ule. Mwishowe upande wa kahawia ulikuwa na mistari thelathini na mitano.

"Lakini hiyo siyo wadudu, au sivyo?" kaka aliuliza.

"Siyo wadudu."

"Basi wewe andika barua. Hayo mengine tutayaona. Nitayapaka udongo haya majeraha uliyonifanya niyakate, yatapona."

Alitaka kumwambia palepale. Alifungua mdomo, akaishia kumwambia aupake vizuri, na kaka akaaga. Kwa hilo pia alijilaumu baadaye, maana ni siku mbili zaidi kaka alizolala akiamini.

Mkuu wa maabara alisaini barua Alhamisi bila kuvua koti. Fomu ilikuwa na swali moja, je, ni mdudu mharibifu, na visanduku viwili. Mama Vithiripi alikuwa ameweka alama kwenye hapana, na chini yake, mahali pasipo na mistari, ameandika kwa mkono aya moja kuhusu kuvu, miti thelathini na mitano, na nini kifanyike.

"Hii ya chini hujaombwa," mkuu alisema.

"Najua."

"Ni kaka yako, nasikia. Ungemwachia tu afurahi."

"Majirani zake nao wana miti," alijibu, na mkuu akainua mabega, akagonga muhuri.

Ijumaa aliipeleka mwenyewe. Alifika shambani saa nne asubuhi. Afisa alikuwa ameshafika, na nje ya geti kulikuwa na vibarua wake wanne wenye mashoka, wamekaa kwenye ukingo wa barabara, wanasubiri. Kaka alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Wifi, mke wa kaka, alikuwa pembeni anapanga matunda kwenye kreti, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye katika miaka yote hiyo Mama Vithiripi hakuwahi kugombana naye wala kuzoeana naye.

Afisa alisoma kisanduku, akasoma aya ya chini, akasoma tena. Akamtazama yeye, akamtazama kaka, akafahamu kwamba kaka bado hajui.

"Wadudu hawana tatizo," alisema. "Amri yangu nimeiondoa. Hayo mengine si ya ofisi yangu kulazimisha." Akabandua tangazo getini, akaita watu wake na mashoka yao, wakaondoka. Alikuwa mtu wa haki, na siku hiyo haki yake haikumfaa mtu.

Kaka alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, akamkumbatia dada yake mpaka akamnyanyua. "Nilisema mimi! Nilimwambia mtu huyu!"

"Kaka, niteremshe. Kaa."

"Nikae nini, leo?"

"Kaa, tafadhali."

Akakaa juu ya kreti tupu. Yeye akabaki amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatasema. Akamweleza. Alimweleza vibaya, alianzia katikati, akarudi nyuma, akataja kostiki na mtunza ghala, mambo yasiyomhusu mtu anayeambiwa kwamba miti yake imekufa. Lakini lililohitajika kufika lilifika.

"Mbona ina matunda?" kaka aliuliza. Akaonyesha kwa mkono, kana kwamba labda dada hakuwa ameyaona. "Tazama kreti hizo. Mti uliokufa unazaaje?"

"Itazaa mwaka huu. Labda na mwakani. Lakini ikibaki imesimama, ile kumi na mmoja iliyosalia itaambukizwa, na ya majirani. Yenye kahawia kwenye shina ikatwe hadi chini, ichomwe."

"Thelathini na mitano."

"Thelathini na mitano."

"Na afisa ndiye niliyekuwa namwona adui," kaka alisema. Sauti yake ilikuwa inapanda. "Mwaka juzi nilikuuliza. Nilikuletea vijiti mkononi. Wewe ndiye uliyesema viachwe."

"Mimi ndiye."

"Labda hiyo kuvu haikuwepo wakati ule. Labda imekuja juzi tu, nani ajuaye?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Alimtazama usoni, kaka huyu aliyerudisha vitabu, akaona kwamba hata sasa, katika hasira yake, alikuwa anamtafutia pa kupita. Ingetosha kuitikia kwa kichwa.

"Ilikuwepo," alisema. "Nina wadudu wa mwaka juzi kwenye kichupa. Nimewafungua. Walikuwa nayo tumboni."

Kaka aliyatazama matunda kwenye kreti. Aliinuka, akatembea kati ya mistari ya miti, akapita ile aliyoipaka udongo na ile asiyoipaka, mpaka shati lake jeupe likawa dogo kule mwisho. Huko akasimama, amewapa mgongo.

Wifi aliacha kreti, akaja huku anafuta mikono kwenye kanga.

"Ngoja nielewe," alisema. "Mwaka juzi, kama tungekata vile vijiti vya juu tukavichoma. Ingekuwaje?"

"Miti ingepona, wifi."

"Yote?"

"Karibu yote."

Wifi akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kipimo alichokwisha kukisia. Akauelekeza uso kwenye mti wa tatu kutoka getini.

"Nilikuwa nimeshapanda," alisema. "Pale. Na msumeno. Nilikuwa nimekata vijiti vya miti miwili, nimevirundika nivichome, kwa sababu kitu kikifa juu ya mti mimi naona kitolewe, sijui sababu, naona tu. Akaja mbio na simu mkononi. Akasema shuka, shuka, dada amesema waachiwe vijiti vyao, msomi amesema. Nikashuka. Nikaona aibu hata, kujitia kujua."

Mama Vithiripi alitaka kuomba msamaha, akaona neno lenyewe halina uzito wa kuwekwa mbele ya mwanamke huyu. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ile miwili uliyoikata vijiti. Ni ipi?"

"Wa kwanza na wa pili. Ndiyo aliyoanza nayo kukukwangulia kwenye simu."

Nyeupe. Nyeupe na ubichi kidogo. Alikuwa ameichora mwenyewe kwenye daftari.

Wifi aliingia bandani, akatoka na msumeno mrefu wa mipini miwili, ule unaohitaji watu wawili. Akauburuta hadi kwenye mti wa tatu, akapiga magoti upande mmoja na kuulaza kwenye shina, chini kabisa, karibu na ardhi. Majani yalikuwa ya kijani, na matunda yalining'inia juu ya vichwa vyao.

"Kaka yako hawezi kazi hii leo," alisema. "Shika huko."

Mama Vithiripi akapiga magoti katika majani makavu na sketi yake ya kazini, akashika mpini. Mikono yake ilizoea brashi. Wifi alivuta, akangoja arudishe, akavuta tena, na baada ya mivuto michache unga uliomwagika chini ukabadilika kutoka mweupe kuwa wa kahawia. Wote wawili waliuona.

"Usiubane," alisema wifi. "Vuta tu."